Wanijua Mimi?

Ukiugua Malindi, usitarajie kulala. Watu watakuja. Watakuja na madafu, na maboga, na mkate wa sinia uliofunikwa kitambaa, na kila mmoja akishavua viatu mlangoni na kukaa ukingoni mwa kitanda atakuinamia usoni akuulize, "Wanijua mimi?" Hiki ndicho kipimo chetu cha mgonjwa. Ukimtaja jina, atacheka na kuwageukia wenzake: "Mzima huyu, alhamdulillahi." Usipomtaja, atanyamaza, kisha ataondoka akawaambie watu kwamba fulani tumuombee tu.

Mimi niliulizwa swali hilo na nusu ya mji, nisimjue hata mmoja kwa sura yake. Si jirani, si shangazi, si mwalimu wangu wa Kurani. Wala mtoto niliyemzaa. Naandika haya kwa kuwa najua huenda wewe unayesoma umekaa mahali sasa hivi, nyuso zote zimekuwa sawa machoni pako kama visahani kabatini, na waona haya kumwambia mtu. Mimi niliona haya zaidi ya mwaka mzima, na haya zile ziliniuma kuliko kisu cha daktari.

Naitwa Maimuna. Kazi yangu ni kuchunguza jinsi ubongo wa binadamu unavyoona. Ruksa kucheka. Mimi mwenyewe nimeshacheka mpaka nikalia.

Kazi hiyo ilinianza utotoni, nikikaa ukumbini na mama nyuma ya pazia, yeye akidarizi kofia. Mtu akipita nje, mama hainui kichwa. "Huyo Bwana Swaleh arudi sokoni." Nikichungulia, kweli ni yeye. "Umemjuaje, mama?" Naye hunijibu, "Kwani yeye si Bwana Swaleh?" Jibu hilo lilinikera utoto wangu wote. Nililibeba mpaka chuo kikuu Nairobi, nikalibeba mpaka Ulaya kwenye baridi ya kukata masikio, nikarudi nalo pwani na kupata kazi kwenye kituo cha utafiti Kilifi.

Hapo nilikaa miaka na watoto waliopona malaria kali na degedege, ambao macho yao ni mazima lakini wazazi wao wanasema, "Huyu haoni." Wanaona. Ila kinachoingia machoni hakifiki kinakotakiwa kufika. Tuliwavisha kofia ya nyaya, tukawakalisha mbele ya kompyuta, tukawaonyesha picha: kikombe, mbuzi, uso wa mtu. Picha za nyuso zilizotoka ng'ambo hazikutufaa, maana mtoto wa kijiji cha Tezo atamtambuaje mzungu mwenye ndevu nyekundu? Nikashika kamera mwenyewe nikawapiga picha watu wa huku kwetu, wauza mboga, walimu, maaskari. Nilijivunia picha zile kuliko shahada zangu.

Ugonjwa uliniingia kwa mzaha. Nilianza kugonga bega la kushoto kwenye miimo ya milango. Kichwa kikiniuma asubuhi nasema ni joto. Kisha siku moja tunakula mchana kazini, na mwenzangu Kazungu, mtafiti kama mimi, mtu wa Tezo, akaitazama sahani yangu.

"Daktari, kwani wali wa upande wa kushoto umekukosea nini?"

Tukacheka sote wawili. Halafu yeye akaacha kucheka, nami nikaacha. Sahani ilikuwa imeliwa nusu, imekatwa katikati sawasawa, na hakuna kati yetu ambaye hakujua maana yake: ubongo wangu hauoni tena upande wa kushoto. Sikumaliza ule wali.

Nilipopigwa picha ya kichwa ukaonekana uvimbe, nyuma, upande wa kulia, kwa chini. Daktari wa Mombasa alisema si ule wa kuua haraka, lakini umekaa mahali pabaya na hauwezi kung'oka wote. Nikapasuliwa vuli ikinyesha.

Nilipozinduka nilimwona mwanamke amekaa kwenye kiti karibu yangu, kajifunga leso kichwani, machozi yamtiririka bila sauti. Nikamwonea huruma. Nikadhani mgonjwa wake ndiye yule wa kitanda cha pili. Nikamwambia, "Pole mama, Mungu atamponya." Akaangua kilio, na kilio kile nilikijua. Alikuwa mamangu.

Nikamtazama tena. Niliona macho, pua, mdomo, mikunjo ya uzee, kila kitu mahali pake. Hakuna kilichokosekana ila yeye. Nilifumba macho nikamwambia, "Mama, sema na mimi," naye akasema, "Nipo, mwanangu," na hapo ndipo mamangu akarudi chumbani. Nikifumbua anaondoka tena. Sitaki kukuficha: niliogopa vile sikuwahi kuogopa, hata nilipokuwa naandikiwa kisu.

Daktari alisema huenda uwezo wa kutambua nyuso ukarejea, huenda usirejee. Nilikuwa nimeshawaambia wazazi wengi maneno hayo hayo, na nilijua yana uzito gani.

Mama ndiye aliyetoa hukumu. Alisubiri muuguzi atoke, akaufunga mlango.

"Jambo hili ni la ndani, Maimuna. Asijue mtu. Watasema umerogwa, au kichwa kimekuruka. Una binti wewe. Nani ataposa nyumba yenye wazimu?"

"Mama, Swabra ana miaka kumi."

"Na miaka kumi si kesho tu? Na yeye mwenyewe usimwambie. Mtoto hana kifuniko."

Kwetu, kusitiri ni dini na ni mapenzi. Aibu ya ndugu yako huifunika kama unavyofunika chakula, inzi wasitue. Mama hakuwa na nia mbaya, wallahi. Alinifunika kwa yote aliyokuwa nayo. Nami nilikubali, kwa sababu nilikuwa mgonjwa na yeye ndiye aliyekuwa akinilisha uji kwa kijiko.

Mtu mmoja tu nilimwambia, mume wangu Athmani, aliye Doha akiendesha malori. Alipopiga simu ya picha nilimwona mwanamume mwenye ndevu akinitabasamia, na mwili ukanisisimka kwa kuona haya, mwanamke wa watu ninamtazama mwanamume nisiyemjua nikiwa kichwa wazi. Nikamweleza. "Basi tupige bila picha," akasema, na tangu siku hiyo tukawa tunapiga bila picha. Zile simu zilianza kuwa fupi, wiki baada ya wiki. Hatukugombana. Alikuwa hajui tu aseme nini na mtu asiyemwona, nami sikuwa na la kumsaidia.

Tiba ya mionzi ilianza kaskazi imekaza, jasho halikauki. Nilikaa kwa jamaa zetu Mombasa, na kila siku ya kazi asubuhi naenda hospitali. Walinitengenezea kinyago cha plastiki cheupe chenye matundu, wakanifunika nacho usoni kingali na moto, kikapoa hapo hapo kwa umbo langu. Kazi yake ni kukubana kichwa kwenye meza ya mashine usitikisike. Vinyago vya wagonjwa wote vilipangwa rafuni, na ningeambiwa nichague changu ningebahatisha. Mungu ambariki aliyefikiria kuandika majina kwa utepe.

Nywele zilinitoka upande mmoja zikaacha kiraka. Ngozi nyuma ya sikio ikawa nyeusi na ya kuwasha. Chakula kikawa na ladha ya chuma. Na ule uchovu! Si uchovu wa kulala ukaisha. Ni uchovu wa kukaa ukitazama kiatu chako upande wa pili wa chumba na kukata shauri kwamba leo huvai viatu.

Lakini chumba cha kungojea ndicho kilichonimaliza. Wenzangu walifahamiana siku za mwanzo tu. Yule akiingia, "Aa, Mzee Hamisi! Umeamkaje?" Wanaulizana juu ya wajukuu, juu ya vidonda vya mdomoni. Mimi kila asubuhi naingia kwenye chumba cha watu wapya. Nilimpisha mwanamke mmoja mlangoni, "Pita dada," naye hapiti, nami nasisitiza, mpaka mlinzi akaja kunishika mkono kwa upole. Nilikuwa nasema na kioo.

Aliyeniokoa ni Mama Sidi. Mkulima wa Gede, mwembamba, na sauti yake ilikuwa kubwa kama ya mtu aliyezoea kufukuza kima shambani. Akiingia tu lazima atangaze amekula nini. "Leo nimelishwa wali wa nazi! Nyinyi watu wa mjini mwanipikia wali kila siku, mimi nataka sima yangu na mboga ya mchunga!" Basi mimi nilikuwa natulia nikisikia sauti ile, najisogeza pale ilipo, nakaa. Nilimwambia siri yangu siku ya tatu au ya nne, sijui kwa nini. Labda kwa kuwa si mtu wa kwetu. Hakushangaa. "Basi mimi utanisikia," akasema. "Hakuna asiyenisikia."

Ugonjwa wake ulikuwa kooni.

Ikafika wiki moja sikuisikia ile sauti. Nikadhani kamaliza tiba, karudi Gede, na nikaumia kwamba hata kuniaga hakuniaga. Siku hizo nilikuwa nakaa popote. Mara nyingi alikuja kukaa karibu yangu mwanamke mmoja kimya, wa kuniangalia angalia, na mimi, kwa kero niliyokuwa nayo, nampa bega. Siku moja nikamgeukia, nikamuuliza, "Samahani, mama. Yule Mama Sidi wa Gede, mwenye maneno mengi, unamjua? Kamaliza?"

Yule mwanamke akanishika mkono. Akaufungua, akaupeleka kooni kwake palipokuwa na plasta, akaubana hapo. Nikahisi koo likitetemeka chini ya kiganja changu. Alikuwa anacheka. Mionzi ilikuwa imemchukua sauti, na wiki nzima alikuwa amekaa karibu yangu akingoja nimjue.

Nililia mbele za watu, na mimi si mtu wa kulia mbele za watu. Yeye akawa ananipiga piga goti, mara mbili, mara mbili, na kuanzia hapo kila asubuhi alinijia akanipiga goti mara mbili, nami namwambia, "Mama Sidi, umekula nini?" Anakunja uso, najua ni wali. Tulimaliza tiba siku zilizofuatana, yeye mbele. Simu yake ilipatikana mara moja, kisha haikupatikana tena. Nimeuliza Gede, sikupata jibu la kuaminika, na nimeacha kuuliza.

Nikarudi Malindi kwa mama. Ndipo wakaja wageni, na kile kipimo chao. "Wanijua mimi?" Mama alikuwa anasimama nyuma ya mgeni akinisaidia. Atasema, "Haya Khadija, kaa basi," nami naruka, "Si Khadija wewe! Nitakusahauje?" Tulicheza mchezo huo miezi. Nilijifunza kutambua makubazi, mikono, kikohozi, aina ya udi mtu anaojifukizia. Wanawake wanaojifunika uso walikuwa nafuu yangu kubwa. Mbele yao watu wote ni sawa na mimi, humtambua mtu kwa mwendo na sauti, na nilipokuwa nao nilikuwa mtu kama watu.

Njiani ndiko nilikoharibikiwa. Mtu asiyekusalimia Malindi hana ugonjwa, ana kiburi. Nilipita mbele ya mjomba wangu bila shikamoo. Nilimpa shikamoo kijana wa duka la simu niliyemfunga winda mwenyewe alipokuwa mchanga, naye, shetani mdogo, akaitikia, "Marahaba." Maneno yakazagaa. "Msomi yule. Shahada zimempanda kichwani." Zingekuwa zimepanda kichwani ningemwambia daktari azitoe pamoja na uvimbe! Lakini ningejibu nini? Mama aliniambia, "Afadhali waseme una kiburi. Kiburi si ugonjwa." Basi nikawa na kiburi. Watu wakapunguza kuja, na nyumba ikatulia, nikagundua kuwa nilikuwa nawachoka na pia nawahitaji.

Nyumbani Swabra hakunipa taabu. Mtoto ndani alikuwa mmoja. Akiingia kutoka shule najua ni yeye, namwita, ananibusu mkono, hana habari kwamba mamake anamjua kwa hesabu tu. Nilimtazama sana siku hizo, akifanya kazi za shule, nikijaribu kuukariri uso wake kwa lazima kama nilivyokariri sura za Kurani. Nyusi. Kidevu. Kovu dogo la tetekuwanga. Naangalia kando, naangalia tena, uso umenitoka.

Kusi ilipokuwa inapungua nguvu ikaja maulidi ya madrasa yao. Swabra alichaguliwa kuongoza kaswida. Mama alinitazama, nikamwambia, "Nitakwenda. Ataniua nisipokwenda." Nikanunua koja la asumini la kumvisha.

Wasichana walipanda jukwaani, kanzu nyeupe, ushungi wa kijani, wote. Wote! Sauti ya aliyeongoza ilitoka kwenye spika ikikwaruza, ingeweza kuwa ya mtoto yeyote. Nilimtazama yule wa mbele mpaka macho yakaniuma. Walipomaliza wakashuka mbio, wamechanganyika, kila mmoja kwa mamake. Mmoja akanijia moja kwa moja, mikono wazi. Nikafungua yangu. Nikamvisha koja, nikambusu mashavu yote mawili. "Mashallah mwanangu, umenitoa machozi!"

"Mimi si Swabra," mtoto akasema. Mamake alikuwa nyuma yangu.

Nikainua kichwa. Mbele yangu kulikuwa na msichana mwingine amesimama, ananitazama. Nilimtazama na mimi. Tulitazamana muda wa kutosha mtu kusema jina, na sikulisema, kwa sababu sikuwa na hakika, na nilikuwa nimeshakosea mara moja. Akageuka akaondoka. Alivyogeuka niliona anavyoutupa mguu wa kulia, nikamjua. Nikaita. Hakurudi.

Nyumbani mama akajaribu kumpoza. "Mamako macho yamechoka na zile dawa."

"Si avae miwani?"

Hapo ningesema. Nilikuwa na mdomo. Mama alinikazia jicho, nikameza. Likizo yangu ya ugonjwa ilipokwisha na nikafunga mizigo ya kurudi Kilifi, Swabra akasimama mlangoni kwa bibi yake akasema haendi. "Mimi nabaki kwa bibi. Wewe nenda kwa watoto wako wa degedege. Hao wawajua."

Nikaenda peke yangu. Nina nyumba ya kupanga Kibarani ya huko Kilifi, vyumba viwili, na vuli hiyo mvua ilinyesha bila adabu. Sijui niueleze vipi upweke ule. Mtu aliye peke yake hutoka akaona watu, moyo ukapoa. Mimi nikitoka naona nyuso, narudi nimechoka zaidi. Nilikuwa nanunua mboga kwa mama mmoja mwezi mzima kabla ya kujua kwamba ni wawili, wanapokezana. Jioni nasikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Nilimjua mtangazaji wa redio kuliko mtu yeyote mtaani.

Kazini, Kazungu tangu siku ya kwanza aliingia akisema, "Kazungu hapa." Sikumwambia kitu. Alisema tu, "Kazungu hapa," akaweka chai mezani, na mpaka leo hivyo ndivyo aingiavyo. Baada ya wiki chache nikamwomba anipime kwa zile picha zangu mwenyewe. Alikataa, nikamshikilia, akakubali. Nilifaulu vikombe. Nilifaulu mbuzi. Kwenye nyuso niliwataja kadhaa nikachangamka, mpaka Kazungu akakata kwenye picha kola za mashati na hereni, akabakisha uso mtupu. Watu niliowapiga picha mwenyewe, nikacheka nao, nikawanunulia soda. Sikumjua hata mmoja.

"Umemwambia mtoto?" akaniuliza, akiifunga kompyuta.

"Mama amekataza."

"Daktari, sikuuliza mama amesema nini."

Swabra alikuja likizo ya Disemba, siku chache tu, kwa kulazimishwa. Nikampikia viazi vya nazi anavyovipenda. Nikamwambia yote, bila kubakisha theluthi wala nusu. Alikula huku akinisikiliza, hainui macho.

"Bibi wamjua?"

"Namjua kwa kikohozi chake. Na anavyoburura viatu."

"Na mimi?"

Nikampa jibu la kweli. "Wewe wakua, Swabra. Sauti yabadilika, urefu wabadilika. Kila nikikushika unateleza. Ukiwa na wenzako, sikujui mpaka useme."

"Yaani niseme? Kama mgeni? 'Hodi mama, mimi mwanao'?" Machozi yalimjaa. "Mama wa watu wawajua watoto wao. Hata paka amjua mwanawe."

"Najua."

"Basi hunijui," akasema, akaondoka mezani. Siku ya pili aliomba arudishwe Malindi. Nilimrudisha.

Kaskazi ikarudi. Nikaenda Mombasa kupigwa picha ya kichwa, nikaambiwa uvimbe umelala, haukui. Habari njema kabisa. Nikatoka nje hospitalini na karatasi mkononi, nikatafuta wa kumwambia. Nilimpigia Athmani, alikuwa barabarani. Nilimpigia mama, akasema alhamdulillahi mara nyingi, kisha akashusha sauti: "Swabra yuko hapa lakini hataki simu." Nikakaa kwenye benchi nje ya hospitali nikanywa soda ya moto.

Kama haya yamekufika, sina mengi ya kukufundisha. Sema mapema. Usingoje mpaka watu wako wajenge maelezo yao wenyewe, maana watayajenga, na yatakuwa mabaya kuliko ugonjwa. Usijiulize sana kwa nini wewe. Niliyasoma maradhi haya maisha yangu yote na sikupata punguzo. Na atakayekuuliza, "Wanijua?" mwambie, "La, nikumbushe." Mimi neno hilo lilinichukua mwaka na zaidi kulitamka, na mara ya kwanza hata sikulitamka mimi, nilitamkiwa.

Idi ikaangukia mwisho wa kaskazi. Mama aliagiza niende. Nilifika nyumba imejaa, viatu vimetapakaa mpaka barazani, harufu ya pilau. Mama kila Idi hununua jora zima la kitambaa akawashonea wajukuu wa kike sare, na mwaka huu ilikuwa kijani cha embe bichi. Nikasimama mlangoni mwa ukumbi. Mikekani wamekaa khalati zangu, dada zake mama, na binamu na wake za binamu, na kila upande wasichana wa kijani, wakubwa kwa wadogo, wanakimbizana. Nikafikiria kugeuza. Kulikuwa na mmoja tu aliyevaa gauni la manjano, limembana kwapani, nikasema moyoni, huyo mtoto wa jirani, maskini, hakushonewa.

Nikapitia jikoni kwanza, nimwamkie mama. Alikuwa anapakua, amekasirika.

"Mwanao kanitia aibu mbele ya watu! Nimemshonea kama wenzake, kitambaa kile kile. Asubuhi hii akatae! Kavaa gauni la mwaka juzi, halimtoshi, tena rangi ya manjano. Nimemtisha, nimembembeleza, wapi! Hasemi hata sababu."

Nikarudi ukumbini. Yule wa manjano alikuwa amesimama katikati, hachezi, ananitazama. Gauni lilikuwa limemfika magotini na mshono wa begani umeanza kufumuka. Wenzake walikuwa wanamcheka pembeni, nilisikia.

"Swabra," nikasema.

"Ndiyo, mama." Akaja akanibusu mkono. "Nilijua sare itakupa taabu."

Nilimkumbatia. Khalati mmoja, sijui yupi, akaona nafasi yake. Akaja akanishika kidevu, akacheka. "Na mimi je, bi msomi? Wanijua mimi?"

Nikafungua mdomo nibahatishe. Swabra akanitangulia. "Mama haoni sura za watu, Khalati. Alipasuliwa kichwa. Mtajie jina lako, atakujua."

Khalati akaniachia kidevu. Mama alikuwa ametokeza kutoka jikoni, sinia la pilau mikononi, kasikia kila neno. Nilimtazama nisijue atafanya nini. Nikangoja amkemee mtoto. Akalitua sinia mkekani, akajifuta mikono kwa leso, akaja polepole mpaka mbele yangu.

"Maimuna," alisema kwa sauti ya kusikika na wote. "Ni mimi. Mamako."

Kisha akawageukia waliokaa.

"Haya, na nyinyi mwangoja n'ni? Tajeni majina."